Ua la Kobe, Ua wa Kobe

Mwanangu Kokugonza,

Nakusalimu kama mtu aliye mbali, ingawa ninapoandika haya bado uko hapa Rugu. Umekwenda kwa shangazi yako kumuaga, na viatu vyako vipya umeviacha mlangoni visishike vumbi. Barua nitaikunja niichomeke katikati ya ile kanga ya buluu, uikute Bugene utakapofungua mzigo. Nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Nilijaribu juzi tulipokuwa tunamenya ndizi, ukaniuliza, "Mama, mbona umeshika kisu tu?" Nikasema kisu ni butu.

Basi wa nyumbani wote wanakusalimu. Baba yako hajambo, yuko kibanjani anapunguza majani ya migomba na kujifanya ana kazi nyingi. Tangu asubuhi yuko kwenye migomba ileile mitatu. Bibi yako hajambo ila miguu, anasema msimu wa senene ukifika umwekee, kana kwamba huko Bugene wanatua wengi kuliko huku. Mdogo wako Rwiza hajambo, anajidai hajali, lakini ndiye aliyeufungua mzigo wako na kuufunga upya, ati kamba haikukaza. Byera naye hajambo, ameshahamishia mkeka wake mahali pako pa kulala na hata hujaondoka. Ng'ombe hajambo. Mimi mama yako sijambo mwilini.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema wala za vyombo. Unapika kuliko mimi, na Mama Mwalimu atakuonyesha anavyotaka nyumba yake. Nataka nikuandikie juu ya kobe wake watatu, na mimea utakayowapandia, na yule mzee anayefagia kwake. Mzee huyo nilimkosea kabla hujazaliwa. Sijui kama anajua. Nakuomba umsomee barua hii, nami naogopa siku utakayomsomea.

Unakumbuka Mama Mwalimu alipopita hapa baada ya ibada, akasimama kwenye njia yetu akitazama maua.

"Ma Kokugonza, yote haya unanunua wapi?"

"Ninunue kwa nini? Naiba kwa majirani."

"Na kanisani umetoka sasa hivi!"

"Naiba tawi tu. Shina nawaachia."

Mlicheka nyote. Ndipo akaeleza shida yake, kwamba kobe aliachiwa na mwalimu aliyehamishwa, wamekula kila kilichoota mpaka nje ya nyumba pamebaki udongo mtupu, na watoto wa shule wanapaita uwanja wa mpira. Anataka papendeze, hana cha kununulia miche, na anaogopa kupanda kitu kitakachowadhuru. Akakuomba wewe, kwa kuwa unakaa na mimi na umeona ninavyofanya. Nikamuuliza, "Na yule mzee unayesema anakusaidia?"

"Aa, Kamugisha? Kufagia anafagia mpaka unaona haya kukanyaga. Lakini kupanda hapandi. Mpe jembe uone: 'Mama, fagio nipe, jembe usinipe.' Na ati zamani alitunza bustani ya mzungu wa migodi kule Kyerwa! Mtu anasahauje kupanda?"

Uliniona nikiingia ndani. Ulidhani nimefuata chai.

Hakusahau, mwanangu.

Nilikuwa na umri kama wako, ongeza mwaka mmoja. Vita vya Hitla vilikuwa bado kuanza. Baba yako alikuwa akichimba bati huko Kyerwa, nami nikapata kazi ya kufua kwa mzungu mmoja wa migodi. Alikuwa na mke, tukimwita Bibi, na mtoto wa kike asiyekwisha kuugua, na kobe wawili waliookotwa porini, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Mtoto yule hakutoka nje ila kwa ajili ya kobe wale. Bustani ilikuwa ya Ta Kamugisha. Alikuwa mtu mzima tayari, na mtani sana.

"Shikamoo, Ta."

"Marahaba, Bi Sabuni. Leo umezifua nguo au umezitisha tu?"

Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha miezi miwili ya darasa la kusoma kanisani. Nyumbani tulisema Kinyambo tu. Bibi naye cha kwake kilikuwa maneno ya kuhesabu. Neno "ua" nililijua, kwa kuwa mke wa mwinjilisti alitupigia kelele kila siku, "Fagieni ua!" Na boma la kuzungushia mbuzi nalo nilijua ni ua. "Maua" nililisikia pia. Lakini kwamba maua yakiwa moja ni ua, hilo hakuna aliyekuwa ameniambia.

Siku moja Ta Kamugisha alikuwa amekwenda Ihanda kumzika kaka yake. Mtoto akazidiwa, ikabidi apelekwe hospitali Bukoba. Bibi ameshapanda gari, injini inanguruma, akachungulia, akaniita.

"Wewe! Panda ua. Ua nzuri. Ya kobe."

Akaweka mikono yake duara, hivi, vidole vimekutana. Nilivyoona mimi, alikuwa ananionyesha zizi.

Nikaifanya kazi ile kwa moyo wote, niamini. Kwetu, ukitaka ua wa haraka usio na gharama, unakata minyaa. Unachomeka tu, inashika, kila mpaka unaoujua umezungushiwa hiyo. Nilikata mafungu manne, nikachomeka kijiti kando ya kijiti mpaka duara likafunga, kobe wako ndani. Ule utomvu mweupe ulikuwa ukidondoka kila nilipokata. Nilijifunga kitambaa nikageuza uso, maana tangu utoto tunaambiwa ukikuingia machoni unapofuka. Nililinda macho yangu. Macho ya kobe sikuyafikiri.

Siku ya pili alasiri Ta Kamugisha akarudi kutoka mazikoni.

"Bi Sabuni, nani amejenga zizi la mbuzi katika bustani yangu?"

"Mimi, Ta. Bibi ameagiza."

Akacheka. Kisha akainama, akagusa kijiti, akanusa kidole, kicheko kikamwisha. "Binti, minyaa mibichi kwa mnyama anayekula kila kilicho mbele ya pua yake? Lete jembe, tung'oe."

Nikamwambia, "Tuache kidogo, Ta. Bibi akirudi aione kwanza. Tazama mikono yangu ilivyochubuka."

Alikuwa na vumbi la safari hadi kope. Akaitazama mikono yangu. "Basi kesho asubuhi. Kesho tunang'oa, hata ukilia."

Asubuhi kobe mkubwa alikuwa amekufa, kinywa wazi, vijiti vya chini vimetafunwa. Yule mdogo macho yalikuwa yamevimba yamefumba. Alikuwa akizunguka ndani ya duara langu, gamba linakwaruza minyaa, kwaru, anasimama, anageuka, kwaru. Na Bwana, mume wa Bibi, alikuwa ameshafika, amesimama na viatu vyake vya mgodini.

"Kamugisha! Wewe panda ua?"

Mimi nilikuwa kwenye kamba, naanika shuka. Wiki ile kabla ya msiba, Ta Kamugisha alikuwa amepanda maua ya njano kwenye ngazi za baraza. Aliyapanda kweli, niliona. Alimtazama Bwana. Akatazama upande wangu, au labda alitazama shuka tu, ilikuwa inapepea.

"Ndiyo, bwana. Mimi."

Hapo ndipo nimekwama mpaka leo. Kama alisikia ua la kuchanua, alijibu kweli tupu, na neno likamkamata kama lilivyonikamata mimi. Kama alisikia ua wa minyaa, basi alinikinga akijua, maana mimba ilikuwa imeanza kuonekana, mimba yako wewe. Nimekwenda kwa hili nikarudi kwa lile miaka yote unayoijua. Nikifua huwa nafikiri ni lile. Nikikutazama wewe nafikiri ni hili. Nikisikia gamba la kitu chochote linakwaruza ukuta, hata Byera akiburuta kibuyu, sifikiri chochote, nasimama tu kama nimeitwa. Umeniuliza mara nyingi, "Mama, kuna nini?" Ndicho hicho.

Ningeweza kusema, "Bwana, ni mimi." Kiswahili hicho nilikuwa nacho. Niliishika shuka mbele ya uso.

Alifukuzwa palepale. Bwana akaandika mstari kwenye karatasi yake ya kazi, na nilisikia baadaye kwamba kila nyumba ya mzungu aliyokwenda, waliusoma mstari ule wakamrudishia karatasi yake. Alipokuwa anaondoka na mkeka wake begani, alipita kwenye kamba yangu. Nikajua sasa atanitukana, na ningefurahi.

"Bi Sabuni, huyo aliyebaki haoni tena. Usimtupie majani, hatayapata. Mwekee mdomoni. Anapenda kongwe, lile jani laini la kiua cha buluu. Na macho umwoshe kwa maji safi tu."

Basi. Akaenda. Hata safari njema sikumtakia.

Sasa usikie kibaya zaidi. Bibi alirudi baada ya wiki mbili, mtoto ana nafuu. Ameshuka na kikapu, ananiuliza, "Ua wapi?" Nikamwonyesha mahali tulipochoma minyaa. Akatikisa kichwa. Akatoa kikapuni tawi alilopewa Bukoba, lina ua moja jekundu, pana kama kiganja, akalichuma akaliweka mkononi mwangu. "Hii. Ua." Akaweka tena mikono yake duara, na mara hii nikaona ua.

Bibi alikuwa na huruma, mwanangu. Ta Kamugisha alikuwa bado kwa ndugu zake, mwendo wa nusu siku. Ningesema, angetuma mtu amrudishe, na ile karatasi ingefutwa. Nilikuwa nimelishika lile ua. Nikasema, "Kamugisha hakuelewa, Bibi."

Maneno hayo niliyapanga mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza habari za Kamugisha. Na baada ya hapo Bibi akanipa bustani.

Kwa hiyo yote ninayoyajua juu ya mimea, ambayo Mama Mwalimu ameyasifu mbele ya watu, niliyapata nikiwa mahali pa mtu mwingine. Miaka miwili nilimlisha kobe kipofu kwa mkono. Ukimlisha mnyama asiyeona huwezi kubahatisha, kila jani linapita kwenye vidole vyako kwanza.

Haya basi, yachukue, maana kobe wa Bugene hawana kosa. Lile ua jekundu pana ndilo nililoanza nalo, na ndilo hilo la mlangoni kwetu. Nimekuwekea matawi saba kwenye majani ya mgomba, yamwagie maji njiani. Linachanua siku moja na kuanguka, na kinachoanguka kobe anakiokota mwenyewe, majani pia anakula. Lipande kwenye ukuta wa mbele, watu wakipita walione. Chini yake tandaza viazi vitamu. Usicheke. Mtu hafikirii viazi kuwa pambo, lakini acha marando yake yashuke kwenye ngazi, na vile viua vyake vya zambarau, utaona wageni wakiuliza jina. Ukikata, vinaota upya kabla kobe hajamaliza. Maboga pia, kwa ajili ya ua la njano, ila uyape nafasi. Kongwe usiipalilie kama tulivyozoea shambani. Iache kivulini kando ya mtungi, itandae kama zulia. Ukimpata mtu mwenye mforosadi, omba kijiti kimoja tu, ni mti wa haraka na majani yake wanayagombea. Mpungate unapendeza pembeni penye mawe, ila uchome miiba kwanza kwenye moto, na uwape kidogokidogo, usiwe chakula cha kila siku.

Yote hayo ni ya kuomba, hakuna la dukani. Usipande yote kwa pamoja. Zungushia mawe mche mpaka ushike, kisha ondoa mawe upande mmoja, wale wanachofikia na shina libaki. Mama Mwalimu atakuwa na haraka. Mwambie mvua mbili.

Na yapo mazuri ya kukudanganya. Ile tarumbeta kubwa nyeupe inayoning'inia, yenye harufu tamu jioni, atakuomba uipande, wote wanaomba. Kataa. Kichaka chenye viua vya rangi mbilimbili, njano na waridi, kinachonuka ukikikwangua, kataa pia. Mbono ung'oe hata ukiota wenyewe. Mramura wa mpakani uache mpakani, lakini kobe asiufikie. Minyaa sina haja ya kukuandikia.

Zamani nilijitungia sheria kwamba kila chenye utomvu mweupe ni sumu na kisichokuwa nao ni salama. Ikanidanganya. Viazi vina utomvu mweupe kidogo na kobe ananenepa navyo; tarumbeta haina na inaua. Nilitaka sheria kwa sababu nilikuwa naogopa kuuliza. Wewe uliza. Na aliye karibu wa kumuuliza anajua kuliko mama yako, ana fagio mkononi.

Sasa juu yake. Usimsomee siku ya kwanza. Mwamkie kwa heshima, sema Ta Kamugisha, wasikuzoeshe kumwita Kamugisha kavu kama wanavyomwita. Mwache akuzoee. Siku utakayoona amekaa, mwambie una barua ya mama yako, aliyekuwa akifua Kyerwa. Akikubali, soma tangu pale nilipokuwa na umri kama wako. Usiruke mahali popote. Utakapofika kwenye lile neno nililomwambia Bibi utataka kuliruka kwa ajili yangu. Lisome. Akiinuka akaondoka, usimfuate.

Inawezekana akakuchukia wewe. Inawezekana akamweleza Mama Mwalimu, na Mama Mwalimu akaona hawezi kukaa na mtoto wa mtu wa namna hii, akakurudisha na mzigo wako. Hilo nimelifikiri sana, na ndilo lililonifanya nikae na karatasi hii tangu ulipotoka. Ni nafasi yako ya kwanza na ninaitia hatarini. Lakini ningekuacha uende ule chakula pamoja naye, umsalimie kila asubuhi, nami nimekaa kimya huku, ningekuwa nimeishika ile shuka tena, na safari hii nimekufunika na wewe.

Utauliza mbona nisije mwenyewe. Nitakuja, ila akisema nije. Akitaka nikaseme mbele ya Mama Mwalimu au mbele ya wazee wa kanisa, nitasema. Nikija bila kuitwa nitamlazimisha anisamehe kwa kunionea haya, mzee wa watu, nimemfahamu. Mwulize kitu kimoja tu kwa niaba yangu: siku ile alisikia ua la kuchanua au ua wa minyaa. Asipotaka kujibu, usirudie. Naye akikuuliza kama yule mtoto alizaliwa salama, mwambie ndiye anayemsomea.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na Rwiza, nifupishe.

Lori la kahawa hupita huku likitoka Bugene kila Alhamisi, na dereva ananifahamu. Ta Kamugisha akishaisikia tu barua, iwe siku ileile au kesho yake, niandikie, usingoje lori la pili. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyalainishe. Kama amesema nisije, andika nisije. Kama hakusema neno, andika hakusema neno, na uso wake ulikuwaje. Andika upesi, mwanangu, hata mistari miwili, hata kwa penseli. Kila Alhamisi nitakuwa barabarani.

Ni mimi mama yako.